Mume wangu alisaini duka, tukaamkia mashine za mbao

Shikamoo Shangazi,

Kamwene kwanza, maana nakuandikia kutoka Uheheni na baridi la Julai limetukaba koo. Naomba usiutaje mji wetu. Sema tu ni mji wa mbao kwenye barabara kuu, ukitoka Iringa kuelekea Makambako. Atakayejua ajue.

Tulinunua kiwanja chetu mwaka 2013, kimeshapimwa, mtaa wa makazi, nyumba kumi na nne zinazotazamana na barabara ya vumbi katikati. Mume wangu ni mwalimu, mimi nashona. Nyuma ya nyumba panateremka hadi bondeni kwenye kijito, na huko ndiko kilipo kinyungu changu: mahindi ya kuchoma, maharage, na kabichi ninazouza kiangazi wakati wengine hawana.

Jirani yetu wa upande wa mashariki ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, yaani shemeji yangu. Mwaka juzi mwezi wa tisa alikuja jioni na bahasha ya kaki. Akakaribishwa, akanywa chai, akasema anataka kubadili matumizi ya kiwanja chake afungue duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba halmashauri inataka majirani waseme kama wana pingamizi. Mume wangu akasaini palepale kwenye kochi, kwa kalamu ya shemeji mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia tu, "Haya bwana, Mungu akubariki."

Duka halikufunguliwa hata siku moja. Baada ya Krismasi walikuja mafundi wakabomoa ukuta wa mbele, wakamwaga zege, likasimama banda la bati. Kisha ikaja dingdong moja, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo. Leo ziko tatu, na mashine ya randa juu yake. Zinaanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Fuso za magogo zinaingia usiku, na bomba la maji la mtaa limepasuka mara mbili pale zinapokatia kona. Nikianika gauni la mteja naokota unga wa mbao kwenye pindo. Siku hizi nashonea ndani, madirisha nimefunga, taa nawasha mchana kama duka la picha. Mtoto wetu wa mwisho ana pumu.

Pumba wanazimwaga nyuma ya banda. Mlima umekua mpaka umeanza kuteremkia bondeni, na maji ya kijito kuanzia hapo kwenda chini yana rangi ya chai ya rangi. Mabanzi yasiyouzika wanayachoma Ijumaa jioni.

Nilimfuata shemeji kwa adabu. Akaniambia, "Shemeji, mumeo alisaini." Mama mkwe akaitisha kikao, akasema nisimvunjie ndugu riziki. Kijana wangu mkubwa anabeba mbao humo humo na analipwa elfu nane kila jioni, kwa hiyo mtaani wanasema nyumba ya mwalimu inakula pande zote mbili. Mume wangu nikianza tu habari hii, anachukua koti anatoka. Na sasa mwenye nyumba ya tano ameanza kushusha magogo uani kwake. Anasema kama mmoja kapata, yeye kakosa nini?

Nimefika kwa mtendaji wa mtaa. Amesema sahihi ya mume wangu imo kwenye faili na sina tena cha kusema. Ni kweli, Shangazi? Au tuuze tuhame?

Mama Cherehani

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na mtendaji, kwa sababu naona yeye amekunyima usingizi kuliko hizo dingdong. Si kweli. Sahihi ya jirani kwenye karatasi ile ni maoni. Mtoa kibali ni mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Jirani anaulizwa kwa kuwa ndiye atakayelala na kuamka na kitu hicho. Akijibu kwamba hana pingamizi, hajaipa halmashauri ruhusa ya kufumba macho, wala hajauza pumzi ya mke wake na watoto.

Halafu, hana pingamizi na nini hasa? Hapo ndipo barua yako yote ilipo, na nataka utulie nami hapo kidogo.

Kwenye mchoro wa mipango miji kila kiwanja kina matumizi yake: makazi, makazi na biashara, biashara, viwanda, taasisi, eneo la wazi. Mchoro si msahafu. Miji inakua, mtaa uliokuwa wa nyumba tupu unahitaji duka, zahanati, hata saluni, ndiyo maana sheria inaruhusu mtu aombe kubadili matumizi. Lakini anaomba kubadili kwenda kwenye kitu kinachotajwa kwa jina. Kutoka makazi kwenda makazi na biashara ni hatua moja. Kutoka makazi kwenda kupasua magogo ni hatua nyingine kabisa, na jina lake ni kiwanda, hata kama paa ni bati sita na mwenyewe anaiita "kamradi". Nilikaa masijala ya ardhi miaka kumi na moja kabla sijaanza kujibu barua za watu. Mafaili mengi ya ugomvi kama huu yalikuwa na neno moja kwenye karatasi na kitu kingine kabisa kwenye kiwanja.

Kwa hiyo mume wako, kwa maelezo yako mwenyewe, alisaini duka. Hajasaini dingdong. Mwambie hivyo leo, kabla hujamwambia lingine lolote. Mwanamume anayechukua koti na kutoka kila mara mara nyingi anakimbia aibu, na wewe kila ukifungua mdomo unamrudisha kwenye lile kochi.

Sasa, kilichomo kwenye faili kinaweza kuwa moja kati ya mambo matatu. Inawezekana shemeji alikusanya sahihi, akaziweka kabatini, kibali hakuomba kabisa. Usishangae, wapo wanaodhani sahihi za majirani ndiyo ruhusa yenyewe. Inawezekana aliomba akapewa makazi na biashara, kisha akaweka mashine. Au inawezekana kweli alipewa viwanda. Mawili ya kwanza yanamweka nje ya sheria moja kwa moja, na halmashauri ina uwezo wa kumsimamisha. La tatu ni gumu zaidi, lakini nalo lina maswali: bango la kutangaza ombi liliwekwa kiwanjani? Lilieleza nini? Kamati ilikaa lini? Kuna mtu wa mazingira aliyeulizwa? Wewe unayeshona mita chache kutoka pale huoneshi popote kwenye barua yako kwamba uliwahi kuona bango, na nadhani ungeliona.

Usiende tena kwa mdomo. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisa mipango miji na ofisa mazingira. Taja namba ya kiwanja cha shemeji na kitalu chake, uliza ombi lililowasilishwa lilikuwa la matumizi gani, liliamuliwaje na tarehe ngapi, na omba nakala ya kibali. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inawapa siku 30 kukujibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukuandika barua, ulipiga soga na katibu muhtasi.

Tarehe naihitaji kwa sababu hii. Ukitaka Mahakama Kuu iupitie uamuzi wenyewe wa kutoa kibali, unatakiwa kuomba ruhusa ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa, na kwa hesabu yako huenda muda huo umeshapita. Lakini kero inayoendelea haizeeki. Vumbi la leo asubuhi ni la leo asubuhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda kuidai. Haiulizi kwanza kama mume wake alisaini karatasi.

Ofisa mazingira wa halmashauri yupo kwa mujibu wa sheria hiyohiyo. Akikwambia hana gari, mwambie utamlipia bajaji. Mwoneshe mlima wa pumba, mwoneshe kijito juu ya banda na chini ya banda, ajaze chupa mbili za maji apeleke mwenyewe. Kelele nazo zina kanuni zake za mwaka 2015, zenye viwango tofauti vya mchana na usiku na vya makazi na viwanda, kwa hiyo anza leo kuandika kwenye daftari saa mashine inapowashwa na saa Fuso inapoingia. Wiki mbili za daftari zinamsaidia ofisa kuliko miaka miwili ya malalamiko. Halmashauri wakilala, NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, wana ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini.

Nikae kidogo kwenye pumba, kwa kuwa naona watu wa miji ya mbao wamezizoea mpaka hawazioni tena. Msumeno wa dingdong ni mnene, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo haiwi ubao, inakuwa unga. Ndiyo maana mlima unakua haraka. Mlima huo ukilowa mvua na kukaa unachachuka ndani, unapata joto, na unaweza kufuka wenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Nyumba yenu iko upande gani wa upepo? Zimamoto wapigiwe simu waje waangalie kabla ya Oktoba, bila kusubiri ugomvi uishe. Pumba zinazofika majini zinaoza na kula hewa ambayo samaki na vidudu vya mtoni wanaitegemea, na zile rangi na utomvu wa paini ndiyo chai ya rangi unayoiona.

Hizo mbao zinazochomwa Ijumaa, ziangalie rangi. Mabanzi ya paini mabichi ni moshi tu, mbaya lakini wa kawaida. Ukiona mbao zenye ukijani kijani kama zilizochovywa kwenye dawa, hizo zinaweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki, dawa inayotumika kwa nguzo. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Watoto wasiokote hata kipande kimoja kuwashia jiko.

Na kijana wako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, hasa ya pua, kwa wanaofanya kazi ndani yake miaka mingi. Elfu nane ni pesa, sibezi, na hakuna anayemlisha badala yake. Lakini anapumua hilo vumbi kwa kitambaa cha shingoni. Mnunulie barakoa ya kazi yenye kichujio, si ya kitambaa. Kuhusu maneno ya mtaani kwamba mnakula pande zote mbili: mtoto wako anauza nguvu zake, hajauza nyumba yako. Waambie hivyo na uendelee kushona.

Sasa nikukwaruze kidogo. Umeandika kuhusu kinyungu kwa huzuni, nami nimekulia kwenye vinyungu, najua ladha ya mahindi ya Oktoba. Lakini kiko umbali gani kutoka kwenye maji? Sheria ileile ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pumba za shemeji zimo humo, na nina wasiwasi kabichi zako nazo zimo. Ukipeleka malalamiko yako yakianzia bondeni, atakayesimama upande wa shemeji atauliza swali hilo ndani ya dakika tano, na utatoka pale wewe ndiye mshitakiwa. Anza na vumbi, kelele, bomba la maji na kibali. Kijito kitaje kama kijito cha mtaa mzima, na kabla ofisa hajafika rudisha mstari wako nyuma, hata kama msimu huu utapoteza matuta machache.

Mtu mwingine atakwambia uende baraza la kata. Nenda ukitaka usuluhishi, lakini jua kwamba tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yanapatanisha tu kwenye migogoro ya ardhi, hayatoi hukumu. Mahakama iache nyuma kabisa. Ukifika huko, kuishitaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90 kwanza, na mpinzani wako ataongezeka awe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na wengi hawatozi kitu.

Ila usidhani mahakama ni za mapambo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki halmashauri ya jiji kwa kutupa taka mtaani kwao na kuwajazia moshi. Walishinda, na Jaji Lugakingira aliihusisha kero ile na haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Mimi nilikuwa kijana, nilishangilia. Baadaye taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wa Mtongani nao wakalazimika kwenda mahakamani. Nakutajia hili kwa sababu ya jirani wa nyumba ya tano, na kwa sababu ya shemeji pia. Ukimfukuza tu, atafunga dingdong kwenye trela, asubuhi yake iko kwenye mtaa wa mama mwingine mwenye cherehani. Ile mashine haihitaji hata siku mbili kusimama.

Mimi siwachukii wapasua mbao. Ukanda wote ule, kuanzia shamba la miti la Sao Hill mpaka miti ya watu binafsi kila kilima, ungekuwa nini bila wao? Tatizo ni mahali. Katika barua yako kwa halmashauri ongeza aya moja ikiuliza eneo la viwanda kwenye mchoro wa mji liko wapi na viwanja vyake vinapatikanaje. Shemeji akihamia huko na mashine zake, mama mkwe hatakuwa na cha kukulaumu. Riziki itakuwa imehama mtaa tu. Akikataa kuhama, hapo ndipo utajua kama shida yake ilikuwa riziki au ni kodi ya pango la ardhi, ambayo kwa kiwanja cha viwanda haifanani na ya makazi.

Wakati majibu yanasubiriwa, mrudishe mezani. Usiende peke yako. Nendeni wawili, pamoja na baba mdogo mwenyewe kama yu hai. Msimwombe afunge, mwombeni mambo ya wiki hii: mashine zisiwake kabla ya saa mbili, Fuso ziingie mchana, Ijumaa isichomwe kitu. Pumba na maranda wafuga kuku wanayatafuta kwa ajili ya kutandika mabandani, na wachoma matofali nao wanachukua. Azitangaze bei, hata bure, mlima utaisha kabla ya mvua. Mambo hayo akiyakubali, yaandikeni. Akiyakataa mbele ya baba yake, mama mkwe atakuwa amesikia.

Kuuza sikushauri, angalau si mwaka huu. Nani atanunua nyumba iliyo ukuta kwa ukuta na dingdong tatu? Mwenye dingdong ya nne. Naye ataleta karatasi kwa majirani waliobaki, na safari hii wataona hakuna cha kupinga, maana makazi yenyewe hayapo.

Barua ipeleke Jumatatu. Chini weka nafasi ya sahihi za nyumba zote zinazokubali, zikiwamo zile zilizosaini duka pamoja nanyi. Na ya kwanza iwe ya mwalimu. Mpe aisome yote polepole, kisha asaini kwa kalamu yake mwenyewe.

Shangazi